Kanda Yetu ya Hesabu ya Saba

Mimi bwana, miaka ile nilikuwa na kiburi. Tulikuwa wanne, tukipiga muziki katika hoteli moja ya Bamburi, nyimbo zile zile za kuwakaribisha watalii hadi zikatutoka puani. Basi tukatunga zetu, na mdundo wake tukauhesabu saba badala ya nne. Tulirekodi nyuma ya duka la kanda kule Magongo, chumba kimebandikwa trei za mayai ukutani. Mwenye duka ndiye aliyerekodi, ndiye aliyenakili, ndiye aliyeuza. Tukikosea hesabu, tunarudia wimbo mzima. Mpiga ngoma wetu aliapa wallahi hataki kuisikia saba tena maishani mwake.

Kanda zikatoka. Haikupita wiki, wateja wakaanza kuzirudisha. Walidhani zimetafunwa na mashine, maana wimbo ulikuwa "waruka". Mmoja aliikaza ya kwake kwa penseli, akaicheza tena, ikaruka pale pale.

"Zaruka hizi. Zikifika Ijumaa zimekaa tu hapa, nazifuta," mwenye duka akaniambia. "Nitazitia taarabu."

Nilikasirika, kisha nikaogopa. Jasho letu lote lilikuwa mle. Alhamisi nikampelekea kanda moja shangazi yangu wa Bofu, kule Likoni, kiongozi wa kinamama wacheza chakacha harusini. Akiipenda yeye, Likoni nzima itaitaka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnyonge hivyo?"

Nikamweleza, nikaitia kanda kwenye redio yake. Akasikiliza huku akikuna nazi. Mara ya kwanza aliendelea kukuna. Mara ya pili mkono ukasimama. Mara ya tatu akainuka, akazungusha kiuno, na mwisho wa hesabu akaongeza kimzunguko kimoja kidogo. Wimbo ukamkuta hapo hapo.

"Haina kasoro hii," akasema. "Yataka kiuno chenye subira. Jumamosi tuna harusi, tutaicheza."

Nikakimbilia Magongo kumwomba mwenye duka asubiri hadi Jumatatu. Akanijibu inshallah.

Jumamosi nilisimama nje ya ukuta, kwani ndani ni kinamama watupu. Nikasikia miguu yao ikishuka pamoja, kisha vigelegele. Nililia, wala sioni haya kusema.

Jumatatu kinamama wakajaa dukani kuitaka kanda. Hakuna. Yule bwana alikuwa amezifuta zote Ijumaa, hata ile kanda mama tuliyorekodia. Iliyosalia duniani ni ya shangazi tu. Ikambidi avuke feri na mashine yake begani, aje Bofu kuomba anakili.

Shangazi hakumkatalia. Alimkaribisha uani, akamnywesha kahawa, akawasha redio.

"Wewe ndiwe uliyesema yaruka," akamwambia kwa upole. "Haya, cheza, unionyeshe yaruka wapi."

Akacheza, maskini, shati limemganda mgongoni. Kila akikosea, shangazi anairudisha kanda mwanzo. Alikuja kuipata alasiri ikiadhiniwa, na muda wote huo mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, nikimhesabia kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba.