Rangi Mbichi Barazani

Mimi ni mtu wa nyumbani, na sioni haya kulisema. Wenzangu niliosoma nao sekondari walitawanyika, wakawa makarani Moshi, Tanga, hata Dar es Salaam. Mimi nilirudi mlimani na sanduku langu la bati, nikaketi kwenye baraza ya mbao aliyoiacha marehemu baba, na kusema kweli sijaondoka. Mama alikuwa akiwaambia wageni, "Nimesomesha mlinzi wa baraza." Sikubisha. Nilikuwa nalinda vizuri.

Na baraza yenyewe ilitaka ulinzi. Baba alikuwa mpasua mbao kwenye msitu wa Olmotonyi, mmoja wa wale waliosimama shimoni wakivuta msumeno mrefu huku unga wa mbao ukiwaingia machoni. Nyumba yetu aliijenga kwa mbao za mtarakwa, mti mgumu usioliwa na mchwa, alizozipasua kwa mikono yake. Hakuwahi kuipaka rangi. Mvua na ukungu wa Meru viliipaka kwa niaba yake, kijivu juu, kijani chini. Mama naye, kila mwaka mvua zikiisha, alizikandika kuta kwa samadi ya ng'ombe na majivu mpaka usawa wa madirisha, upepo usipite, kama mama yake alivyokandika nyumba ya fito. Ukiitazama kutoka njiani hukujua kama ni nyumba ya mbao iliyovaa udongo au ya udongo iliyoota mbao.

Hatukujali, mpaka alipokuja karani wa wapima ardhi.

Enzi hizo Mwingereza alikuwa akipima upande wetu. Vigingi vyeupe vilikuwa vimefika kwenye mfereji wa maji, na habari ilikuwa imeenea: mwenye nyumba ya kudumu angesikilizwa, mwenye kibanda angeambiwa akibebe kibanda chake ateremke tambarare, kwenye vumbi na ndorobo. Majirani tulikuwa tumekubaliana kwamba hahami mtu. Barua ya kukataa niliiandika mimi, kwenye baraza hiyohiyo, kwa wino wangu.

Karani alikuwa kijana wa rika langu, viatu vyake vinameta utadhani kavifuata Ulaya. Hakupanda barazani. Alisimama uani, akatazama kidogo, akaandika. Hapo ndipo shule iliponifaa kwa mara ya kwanza, maana niliweza kusoma Kiingereza cha juu chini.

"Umeandika kibanda," nikamwambia.

"Kumbe unasoma?"

"Nasoma hata kilichopinduliwa."

"Basi malizia. Nimeandika kibanda cha muda."

"Hii ni mtarakwa! Imesimama hapa kabla wewe hujaota meno!"

"Kaka, mbao sizioni. Naona samadi." Akafunga daftari. "Bwana mwenyewe atapita baada ya wiki tatu kuhakikisha. Mwambie yeye."

Usingizi uliniruka. Kesho yake nikanunua kopo la rangi mjini, nikaanza mwenyewe, kwa hasira na bila ujuzi. Nilipaka ubao mmoja, nao ulikuwa na unyevu. Asubuhi rangi ilikuwa imening'inia kama utando wa maziwa. Mama akaja, akaitazama, akaitazama tena. "Mwanangu," akasema, "wewe kalinde. Mafundi watafutwe."

Nikamfuata fundi rangi aliyekuwa akikaa Themi, mzee mfupi mzaliwa wa Kondoa, ambaye kofia yake ilikuwa na matone ya rangi ya kila nyumba ya Mzungu aliyopata kuipaka Arusha. Alikuja baada ya siku kumi, alipomaliza kazi nyingine, pamoja na shemeji yake, mtu mrefu asiyesema neno. Fundi aliizunguka nyumba, akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akanusa pembe za baraza, akafika kwenye ubao wangu.

"Huu kapaka nani?"

"Mpita njia," nikajibu.

"Ni yeye," mama akasema.

Fundi akanionea huruma, akaacha. Kisha akavua kofia, akamgeukia mama. "Mama yangu, rangi haishiki samadi. Itabidi tuibandue yote, tung'oe mbao zote za baraza na kubadilisha zilizooza, tupige msasa, tuziache zikauke siku nne za jua. Hapo ndipo nitakapofungua kopo. Kabla ya hapo hata Gavana aje, sifungui."

Mama akaupapasa ukuta. Ilikuwa kazi ya mikono yake tangu alipoolewa. "Bandueni," akasema mwishowe. "Lakini upande wa jikoni ni wangu. Huko msiguse."

Wakaanza. Hadi jua linazama kuta zilikuwa tupu, na mbao za baraza zimeegemezwa kwenye migomba, zimepangwa moja moja. Mimi nilifurahi. Sikuwa na akili ya kujiuliza nyumba yetu ilikuwa inaonekanaje kutoka njiani.

Kwetu mtu anayehama haiachi nyumba yake. Hubandua udongo, hung'oa mbao moja moja, huzipanga kwa mizigo, aende nazo. Kila mtoto wa mlimani anajua hivyo. Nami nilijua, ila nilikuwa nawaza rangi.

Asubuhi nikamkuta jirani yetu mzee amesimama langoni na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia.

"Wamekupa nini?" akauliza.

"Nani?"

"Wenye vigingi. Umetuandikia barua kwamba hahami mtu, halafu wewe ndiye wa kwanza kung'oa mbao!"

"Mzee, napaka rangi."

"Rangi?" Akacheka kicheko kibaya. "Nyumba iliyoishi bila rangi miaka yote, leo inaona haya?"

Kabla sijapumua akaja mke wa jirani wa chini, akasalimia vizuri, akamwomba mama machipukizi ya migomba yetu, "kwa kuwa huko mwendako hayaoti." Macho yake yalikuwa tayari kwenye jiwe letu la kusagia.

Kufikia mchana nikapata habari yenyewe. Familia mbili zilizokuwa na hofu tangu mwanzo zilikuwa zimesema: kama mwandishi wa barua anahama, sisi tunabaki kumngoja nani? Jumapili baada ya ibada zingekwenda kumwambia karani kwamba zimekubali. Barua yangu ingekuwa karatasi ya kufungia chumvi. Na yote kwa sababu nilitaka nyumba ipendeze.

Nilimweleza kila aliyepita. Hakuniamini hata mmoja. Basi nikatumia kipaji pekee nilichojaliwa. Nikachukua kigoda, nikakiweka juu ya maboriti matupu ya baraza, mbele ya njia, nikaketi. Siku nne. Nilikula pale, nikasoma pale, nikachomwa na jua pale mpaka pua ikabanduka kama kuta. Watu walipita wakinicheka.

"Mlinzi, unalinda nini sasa? Baraza haipo!"

"Nalinda hewa," nikajibu. "Nayo ni yangu."

Lakini aliyewanyamazisha ni mama. Siku ya pili alichukua jembe, akaenda mbele ya nyumba, kando kabisa ya njia, akachimba mashimo sita mapana. Akayajaza samadi yote iliyobanduliwa ukutani, akapanda machipukizi ya migomba. Mke wa jirani wa chini akasimama kutazama.

"Jirani," mama akamwita bila kuinua mgongo, "ulitaka machipukizi. Haya hapa yameshapata mahali. Mkungu wa kwanza ukiiva, karibu tule. Tutakuwepo."

Yule mama akakaza kanga, akashika njia kurudi kwake. Hata mjinga anajua migomba haipandwi na mtu anayefunga mizigo. Jumapili ile, baada ya ibada, zile familia mbili zilikwenda nyumbani moja kwa moja.

Siku ya tano mafundi walirudisha mbao za baraza mahali pake, kisha fundi akafungua makopo. Rangi aliichanganya mwenyewe, hudhurungi iliyokolea yenye wekundu kama kahawa mbivu inayoanza kukauka, na hakutaka mtu amsimamie akichanganya. Shemeji yake alipaka kuta, yeye akapaka baraza, akirudi nyuma hatua kwa hatua bila kuacha alama ya brashi. Jirani mzee alikuja na kigoda chake. Aliketi kutwa nzima akitoa makosa, na jioni alipoondoka aliniaga vizuri.

Bwana wa vipimo alikuja siku moja kabla ya siku yake, baraza ikiwa bado inang'aa. Alishuka kwenye gari, karani nyuma yake, akaja moja kwa moja hadi kwenye ngazi.

"Bwana!" Sauti ya fundi ilitoka pembeni. "Rangi mbichi. Usikanyage!"

Bwana akarudi nyuma hatua mbili, kama mwanafunzi. "Fundi! Wewe nafanya nini hapa?"

"Nafanya kazi, bwana."

Baadaye fundi alituambia kwamba mwaka uliopita alikuwa amempitisha bwana huyohuyo mlango wa jikoni siku tatu nyumbani kwake mwenyewe, kwa sababu hiyohiyo. Alikuwa ameshafundishwa.

Karani hakuwa amefundishwa. Akitaka kuonyesha bidii, akapanda ili aukague ukuta kwa karibu, na kiatu chake kinachometa kikanata. Alipovuta mguu, mguu ulikuja peke yake.

Bwana hakumsaidia. Alienda pembeni, akagonga ukuta kwa fimbo. "Mbao gani hii?"

"Mtarakwa," nikamwambia, bila kuinuka kwenye kigoda changu pale uani. "Baba yangu aliupasua. Nyumba hii si ya muda. Haiendi popote, na mimi siendi."

Bwana akagonga tena, mara mbili. Kisha akamwambia karani, "Andika nyumba. Kudumu."

Karani akafuta na kuandika akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Niliusoma mstari wote, juu chini.

Walipoondoka fundi alitaka kuifuta alama ya kiatu. Mama akamzuia. "Iache. Nataka niione kila nikifagia."

Upande wetu hakuhama mtu. Vigingi vingine viling'olewa na mvua, vingine sijui na nani. Mimi nilikuwa nimeketi barazani, sikuona kitu. Tangu hapo nimeita mafundi wa rangi mara nyingi, na kila mara wanauliza kuhusu ule unyayo karibu na ngazi. Nawaambia wapake wauzunguke. Kisha nachukua kigoda changu, nangoja rangi ikauke, nirudi kazini kwangu.