Maziwa ya Kamata

Harufu ya wali usio na chumvi wala mafuta, maji yake yakifurika na kulia chwaa juu ya mkaa, ndiyo iliyonirudisha nyuma. Mjukuu wangu hapa Bariadi mjini ana mbwa anayeharisha, na bwana mifugo kamwambia ampikie wali laini mtupu, maziwa asiguse kabisa. Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka. Maziwa asiguse! Angemwambia hivyo marehemu baba yangu.

Kwetu ni upande wa Sapiwi, watu wa pamba na ng'ombe. Shule niliingia kidogo nikatoka, basi msinidai mpangilio. Kwetu ukiumwa tumbo, unapewa maziwa. Ukifiwa, maziwa. Hata jirani aliyevunjika mguu aliletewa kibuyu, sijui aupake au anywe.

Nilikuwa nasema nini? Mbwa. Wetu wa enzi hizo aliitwa Kamata, na ndiye aliyewazuia fisi kwenye zizi la mbuzi. Kiangazi kimoja akaanza kuharisha, mbavu zikamtoka kama fito za ukuta usiokandikwa. Baba akasema bila hata kumtazama, "Tukihamisha ng'ombe kwenda malishoni na huyu hawezi kutembea, namwacha huko porini. Mbwa ni mbwa." Nililia mpaka nikafokewa.

Bibi, mama yake baba, akatoa mchele wa wageni. Enzi zile wali haukupikwa hovyo, ulimngoja mkwe. Akauchemsha mpaka ukawa kama uji, akanikabidhi bakuli. "Mjukuu wangu, ni huu tu. Ukimpa kingine unamzika."

Nikamlisha. Akapata nafuu, mkia ukacheza. Kesho yake tumbo likafunguka upya. Nafuu tena, kuharisha tena. Bibi akawa ananitazama kwa jicho baya, nami naapa kwa kila kitu. Na baba naye siku hizo alikuwa anakula ugali wake mkavu, anasema tumbo limekataa maziwa. Mimi nikaogopa kabisa kwamba ameambukizwa na mbwa.

Asubuhi moja, bibi na mimi tukipeleka bakuli, tukamkuta Kamata nyuma ya zizi, ndevu nyeupe pee. Mbele yake kachuchumaa baba, kibuyu mkononi.

"Mayu," baba akamwambia mama yake, mtu mzima kabisa yule, "alikuwa anakitazama kibuyu kwa macho ya kutia huruma."

"Na wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unautazama moto. Nilikupa?"

Bibi akamnyang'anya kibuyu, akamtia bakuli mikononi. "Haya, lisha wewe. Na upoze kwanza."

Tangu siku hiyo baba ndiye aliyemlisha, akiupuliza ule uji kwa mashavu yaliyovimba, yeye ambaye uji wetu sisi watoto hakuwahi kuupuliza. Niliona wivu, sifichi. Ng'ombe walipohama, Kamata alitangulia mbele yao, akibweka ovyo kama mwenye mali.

Nilikuja kuelewa nilipokuwa na mji wangu, kiangazi, nikigawa maziwa ya ng'ombe mmoja kwa watu wengi, kila mtu na fungu lake, hakuna la ziada. Nikashika kibuyu, nikasimama pale pale. Kumbe tumbo la baba halikuwa na ugonjwa wowote.