Kiraka cha bitana kwenye mkia wa ndege

Jamani, kama kuna siku natamani ifutike kwenye vichwa vya watu wa Mwamkulu wote ni siku ile ya ndege, na nyie mnaojikohoza mkiniona na mkasi chekeni tu, nimeshazoea, ila leo nasema mwenyewe ilivyokuwa maana kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya watu wawili, ilishuka jioni kwenye uwanja wa mpira kukwepa mvua, rubani akalala kwa mwenyekiti, kuamka anakuta ng'ombe wamepita uwanjani na mmoja amejikuna pembe kwenye mkia, pamechanika tundu kama sahani. Hapo ndipo tukajua kumbe siyo chuma! (Mimi na utu uzima wangu wote nilikuwa naamini ndege ni chuma mwanzo mwisho.) Rubani akatuonyesha mle ndani, vimbao vyembamba vimepangwa kama mbavu, juu yake kitambaa kimegandishwa kwa gundi na kupakwa rangi, na kioo cha mbele nacho ni plastiki. Mbao zilikuwa salama. Kitambaa cha kiraka alikuwa nacho, gundi na rangi anazo, alichokosa ni mkasi wa zigizaga, ule wa meno, ili kingo zisifumuke. Na mkasi ule Mwamkulu ninao mimi peke yangu.

Akanipa kipande chenyewe, cheupe, na karatasi ya kipimo. "Mama, kata tu, usikifanye kitu kingine chochote. Ninacho hicho kimoja."

"Ondoa shaka baba, hii ndiyo kazi inayonilisha," nikamjibu kwa sauti, kwa sababu wenzangu wa kwaya walikuwa wamesimama pale wanasikia, basi nikaondoka kwa madaha.

Kibandani nikakata, kikatoka safi kabisa. Sasa mimi nilifundishwa cherehani na marehemu shangazi yangu, na kwake kazi haitoki mkononi bila kupigwa pasi, na kile kitambaa kilikuwa na mkunjo mmoja, mdogo tu, nikasema ngoja niunyooshe. Nikaweka pasi ya mkaa. Weee! Kikajivuta mbele ya macho yangu, kikarudi ndani kila upande, nikikilaza juu ya karatasi hakifiki kingo. Nikakivuta, nikakilowesha, nikakibembeleza kama mtoto. Wapi! Ndipo nikaona bitana nyeupe kwenye rafu, ile tunayoweka ndani ya sketi, ukiangalia haraka unasema ndiyo yenyewe. Nikakata bitana. Kile cha kweli nikakifunga kwenye pindo la kitenge.

Rubani akakipokea, akapaka gundi, akabandika, halafu akaniambia, "Sasa naomba pasi yako. Kitambaa hiki kikipata moto kinajivuta na kukaza kama ngozi ya ngoma, ndiyo maana hakipigwi kabla." Nikaifuata pasi kibandani, nikamletea. Akapiga, bitana ikajikaza kidogo, akaibonyeza na dole gumba, akakunja uso.

"Mbona kinalegea?"

"Labda mkaa umepoa," nikasema. (Mkaa ulikuwa mwekundu!)

Akaangalia mawingu upande wa Kakese, akapaka rangi yake harakaharaka. Mimi nikawa natafuta pa kupita nirudi nyumbani, lakini rangi ilipokauka akageuka kwa watu wote akasema, "Nazunguka mara moja kujaribu. Na kwetu fundi ndiye anapanda wa kwanza. Karibu mama!"

Wanakwaya wakapiga vigelegele. Wananisukuma, "Nenda, nenda ukatuone toka juu!" Nikasema tumbo linanisokota. Nikasema nina kizunguzungu. Nikasema nimeacha maharage jikoni (na nyumba nzima ilikuwa hapo uwanjani, hata mume wangu, akasema maharage ya nani?). Wakati najiumauma ndiyo Mama Kulwa, jirani yangu tunayegawana naye chumvi na moto, akafunga kitenge chake vizuri akasema, "Kama mwenzangu anaogopa, mimi napanda kwa niaba yake." Akapanda. Akafungwa mkanda. Akanipungia mkono kwenye ile plastiki huku anacheka.

Injini ikawaka, ndege ikaanza kujongea, taratibu. Nikajikuta nakimbia, nikaudaka mkia kwa nyuma, nikaingiza kucha kwenye kile kiraka nikakibandua, chote, mbele ya Mwamkulu nzima. Upepo wa ile ndege ukachukua kitenge changu, nikabaki na gauni la ndani.

Injini ikazimwa. Kitenge kilidakwa na mtoto wa mwenyekiti, na kwenye pindo kitambaa cha watu kikaning'inia.

"Ni bitana," nikasema. "Nilipiga pasi kile chako."

Nilitegemea matusi. Rubani akaniangalia tu, akaichukua bitana, akaivuta kwa vidole viwili ikachanika hapo hapo, akanionyesha. Afadhali angenitukana. Alikaa siku mbili akisubiri kitambaa kingine kije na basi, na siku hizo mbili sikutoka nje hata kuchota maji.

Mama Kulwa alikuja siku ya tatu. Nikaanza kueleza, nilivyoogopa, nilivyokimbia, kwamba hatimaye si nilimshusha. Akasikiliza mpaka mwisho, amesimama mlangoni, hakukaa.

"Ulipokataa kupanda wewe ulikuwa unajua," akasema. "Mimi nilifungwa mkanda unaniangalia."

Akageuka, akaenda zake. Tunasalimiana, tunaimba wote, ila nguo zake anapeleka mjini. Siku hizi nikiharibu cha mtu, hata kama ni kifungo tu, namfuata kwake siku hiyo hiyo namwambia nimeharibu. Wengine wananigombeza sana. Nasikiliza mpaka wamalize.