Mchoro Uliokatwa Jina

Mkunga mmoja mstaafu, ambaye akina mama aliowazalisha walimwita Mama Taratibu, hakuwa mtu wa kuamini kirahisi. Enzi za kazi, hata mizani ya watoto aliijaribu kwanza kwa pakiti ya sukari. Alipostaafu, mkwe wake alimtengenezea ukurasa mtandaoni, naye akaujaza viungo vya kuwapeleka wajawazito kwenye makala za wataalamu.

Asubuhi moja ukaingia ujumbe kutoka kwa mwanamke aliyejitaja kuwa mchoraji: "Umechukua kazi yangu bila ruhusa. Naomba uiondoe."

"Tapeli huyu," Mama Taratibu alisema. "Kesho ataniomba neno la siri."

Hakujibu. Siku mbili alishinda na simu mkononi, akibonyeza kiungo kimoja baada ya kingine. Kila kimoja kilimfikisha kwa mwenyewe, na jina la mwandishi lilikuwa pale juu. Kumwelekeza mtu dukani si kuiba dukani, alijisemea, roho ikaanza kutulia. Ndipo akafika kwenye mchoro wa mtoto aliyekaa vibaya tumboni. Hicho hakikuwa kiungo. Ilikuwa picha yenyewe, imewekwa kama yake, na sehemu ya chini imekatwa.

Mashaka yakahamia kwa mkwe. Akamfuata jikoni.

"Mwanangu, nani alikata picha hii?"

"Mimi, mama."

"Ulikuwa unaficha nini?"

Mkwe akaweka kisu chini. "Ulisema maandishi ya chini yanachafua ukurasa. Nilikuuliza mara mbili, ukaniambia kata."

Mama Taratibu akakumbuka, uso ukamshuka. Hata hivyo akamwandikia mchoraji: "Kama ni yako, nionyeshe."

Ikaja picha ya karatasi yenyewe, imejaa alama za kifutio, na maneno machache: "Huyu ni dada yangu. Mtoto alikaa hivi, hakuna aliyegundua mapema. Ndiyo maana nilichora."

Mkunga akaufuta mchoro na kuomba radhi, kwa mchoraji na kwa mkwe.

"Urudishe," mchoraji alijibu. "Akina mama wauone. Jina tu lisikatwe."

Ukarudishwa mzima. Picha nyingine mbili zilizowekwa vivyo hivyo kwenye ukurasa ule, Mama Taratibu aliwaandikia wenyewe kuomba ruhusa. Mmoja alikubali. Wa pili hakujibu, na picha yake ikaondolewa, kikabaki kiungo.