Mrututu wa Eliaichi

Kwa miaka ishirini na mbili Eliaichi alikuwa mtunza maabara wa shule moja ya sekondari huko milimani, juu ya Gonja. Aliosha chupa, alipanga dawa kabatini, na wakati wa vipindi alisimama kona akingoja kutumwa. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, lakini somo moja la biolojia alilisikia kila mwaka hadi akalijua kama Baba Yetu: mwili wa kila kiumbe umejengwa kwa molekuli kuu za namna nne. Wanga unautia nguvu, protini inaujenga, mafuta yanaweka akiba, na asidi nukleiki inabeba maagizo ya urithi, ndiyo maana mtoto huzaliwa na pua ya babu yake.

Mjukuu wake, Faraja, alizaliwa na pua ya babu yake kweli. Devotha, binti wa Eliaichi na mama wa mtoto, alipopata kazi ya kuwapikia wachimba jasi kule Makanya, alimwachisha ziwa akiwa na mwaka na miezi miwili, akamwacha kwa bibi. Eliaichi alimlisha makande ya kuponda, maharage mengi kuliko mahindi, na mtoto akawa anakimbiza kuku uani.

Siku moja ya gulio kule Maore alikutana na Chande, mwenye mashine ya kusaga mjini Same. Chande aliuza unga wa lishe kwenye mifuko yenye picha ya mtoto wa mashavu manene. Nyuma ya mfuko iliandikwa mahindi, soya, karanga na dagaa.

"Mama, achana na maharage, yanamjaza mtoto gesi," alimwambia. "Mpe uji huu mara tatu kwa siku. Usichanganye na kitu. Humu kila kitu kimo."

Akamwamini. Baada ya muda mashavu ya Faraja yalijaa, majirani wakasifu. Kisha nywele zikawa nyekundu kama ndevu za hindi, miguu ikavimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Mtoto akaacha kucheka. Hospitalini muuguzi alimtazama mara moja tu.

"Bibi, huyu anakula nini?"

"Unga wa lishe."

"Na nini kingine?"

Ni huo tu, akasema Eliaichi. Ilikuwa kwashiakoo, ugonjwa wa mtoto anayeshibishwa wanga huku mwili unalilia protini. Wauguzi walihangaika naye. Siku ya nane Faraja akafariki.

Devotha alifika na vumbi jeupe la jasi bado limeshika kanga yake. "Mama, ulimpa nini mwanangu?" Alizika, akarudi Makanya, na simu za mama yake hakuzipokea tena.

Wiki mbili baadaye Eliaichi alimfuata Chande mashineni.

"Unga wako umeniulia mjukuu."

Chande hakuinuka hata kitini. "Pole, mama. Kazi ya Mungu haina makosa. Una ushahidi?"

"Nafanya kazi maabara. Nitaupima."

Chande aliwageukia wapagazi wake. "Jamani, muosha chupa leo kawa mkemia!" Wakaangua kicheko.

Kicheko kile kilimchoma, lakini lipo lililomchoma zaidi: vipimo vyote alivijua, mfuko ulikaa jikoni kwake miezi minne, na hakuupima.

Dawa za shule hakuzigusa. Nyumbani alikuwa na mrututu, ile chumvi ya buluu ya kupulizia kahawa, na kostiki ya kutengenezea sabuni. Aliloweka unga wa Chande kwenye maji, akachuja, akatia kostiki kidogo, kisha matone ya mrututu. Kwenye protini maji hugeuka zambarau. Yalibaki buluu. Akausugua unga ule kwenye karatasi. Haukuacha alama ya mafuta, ingawa mfuko ulitaja karanga. Tone la iodini ya vidonda aliyopewa na Mwalimu Sadock, aliyefundisha biolojia pale shuleni, likageuka jeusi papo hapo. Wanga mtupu.

"Huu ni muhogo uliotiwa rangi," alisema Mwalimu Sadock. "Mama, tuandike barua, tupeleke wilayani."

"Andika, mwalimu. Mimi kwanza nataka nimwone usoni."

Siku ya gulio iliyofuata aliweka meza mbele ya gari la Chande, akapanga glasi nane. Akawaita kina mama waliokuwa na mifuko. Kila aliyeleta alimpimia: buluu, buluu, buluu. Kisha akapima unga wa soya aliousaga mwenyewe. Zambarau ikapanda, watu wakaguna.

Chande alikuja mbio. "Ushirikina huo! Mwanangu mwenyewe anakunywa uji wa unga huu. Yule pale!"

Mkewe, Safia, alikuwa amekaa kando ya gari na mtoto mapajani na chupa ya uji pembeni.

"Basi nipe uji huo," alisema Eliaichi.

Chande alijaribu kumzuia. Safia aliikumbatia chupa, akamtazama mumewe, akawatazama wale wanawake. Mwishowe akaitoa. Eliaichi alimimina kidogo, akatia maji, kostiki na mrututu. Ikawa zambarau kama ua la mjakaranda.

"Uji huu una nini?" akauliza.

"Maziwa, soya na yai," Safia alijibu kwa sauti ndogo. "Aliniambia ule wa mifuko nisimpe mtoto."

Kilichofuata kilikuwa fujo. Mifuko ilipasuliwa, unga ukamwagwa juu ya Chande hadi ukamfunika kuanzia kichwani. Eliaichi hakurusha hata punje. Alisimama amefunga mikono, akamtazama mpaka polisi walipomchukua, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi njaa. Akanunua ndizi za kuchoma, akala pale pale.

Barua ya Mwalimu Sadock ilifika, sampuli zikapimwa, kesi ikafunguliwa Same. Eliaichi alishuka mlima kila ilipotajwa, akakaa benchi la mbele ili Chande akigeuka amwone. Siku alipohukumiwa kifungo, Safia alikuwa nje amembeba mtoto. Alimwamkia, "Shikamoo, mama." Eliaichi alimpita bila kuitikia, ingawa alijua mwanamke yule ndiye aliyetoa chupa.

Mchungaji alimtembelea mwezi uliofuata. Chande ameandika kutoka gerezani, mchungaji akasema, anaomba msamaha.

"Mchungaji, karibu chai," Eliaichi akajibu. "Niombee mimi, mwombee Devotha apokee simu. Huyo mwingine usimtaje nyumbani kwangu."

Akaenda jikoni kuleta vikombe.