Mama Kulwa na 638,638

Leo msusi wangu kanifundisha hesabu, na mwalimu wa hesabu ni mimi!

Niko saluni kwa Mama Kulwa, hapa Kahama, nusu kichwa kimesukwa. Nikaanza maringo.

"Taja namba yoyote ya tarakimu tatu."

"Mia sita thelathini na nane," akasema.

"Iandike mara mbili: 638,638. Lazima igawanyike kwa saba, kumi na moja na kumi na tatu."

Wateja wakatoa simu, wakagawanya. Hakikubaki kitu! Nikapigiwa makofi.

Mama Kulwa akasimamisha mkono. "Kwa nini, Mwalimu?"

Jamani. Miaka yote naonyesha mchezo huu darasani, sijawahi kujiuliza.

(Chekeni tu, nawaona.)

Yeye akawaza huku anasuka. "Ukiirudia hivyo, si umeizidisha kwa elfu moja na moja? Hebu igawanye hiyo."

Nikaigawanya. Saba mara kumi na moja, mara kumi na tatu: elfu moja na moja kamili. Basi!

Nikaruka kwenye kiti kwa furaha, rasta zikamponyoka.

"Kaa, Mwalimu," akasema. "Kichwa chako bado hakijaisha."

Nani mwingine kaumbuliwa leo?