Walimwachisha Dawa Afukuze Ndege

Binti yangu hakuachishwa dawa na daktari. Hakuachishwa na mchungaji wala mganga, watu ambao ningejua jinsi ya kugombana nao. Aliachishwa kwa ajili ya ndege wadogo wanaokula mpunga wa mama mkwe wangu kule Bugarama. Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sina mpango wa kungoja zipoe. Zikipoa nitaanza kuwa mpole, na upole katika jambo hili umekwisha kunitia hasara.

Mtoto mwenyewe ana miaka tisa. Tangu alipojua kutembea hakutembea, alikimbia. Maneno aliyoyasikia mara nyingi kuliko jina lake ni "kaa chini." Kaa chini kanisani, kaa chini mezani, kaa chini darasani. Shule ya kwanza ilimchoka. Ya pili, anayosoma hadi leo, ilimrudisha nyumbani siku moja na ujumbe kwamba walimu wana watoto wengine pia. Siku moja sokoni Kamembe, mjini kwetu, nilimwachia mkono nilipie nyanya, nikamkuta ng'ambo ya barabara, pikipiki imelala chini na dereva wake anatetemeka kuliko mimi. Majirani walisema nimemdekeza. Ukweni kwangu walikuwa na jibu lao: mimi nilikulia Bukavu, upande wa Kongo, na sisi tuliokulia kule, kwa maoni yao, tulirudi Rwanda na makelele yetu. Kwa hiyo mtoto hakuwa na ugonjwa, alikuwa na mama.

Daktari aliyempima yuko Kigali. Alikaa naye asubuhi nzima, akatuuliza maswali mengi, akatueleza kwamba kuna watoto ambao akili yao haitulii mahali pamoja, kwamba si utukutu wala si malezi mabaya, na kwamba dawa ipo. Kwetu haipatikani. Inatumwa kwa basi, inapita msitu wa Nyungwe pamoja na vipuri vya magari na mizigo ya watu, nami naenda kuipokea kwenye kituo cha mabasi. Nyumbani tuliiita dawa ya asubuhi. Mama mkwe aliiita dawa ya kichwa, na kwetu kila mtu anajua ni kichwa cha namna gani kinachopewa dawa.

Ndiyo, ilimpunguzia hamu ya kula mchana. Silifichi hilo. Lakini baada ya miezi michache alisoma. Tulikuwa tunashuka kwa miguu kutoka shuleni, nimemshika mkono kama kawaida, akaanza kusoma mabango ya Kamembe moja baada ya jingine: saluni, benki, duka la dawa, vifaa vya ujenzi. Alisoma kwa sauti kubwa, bila kuruka hata moja, na watu wakageuka kututazama. Nilijifanya nina vumbi machoni.

Ilipofika likizo kubwa mume wangu akasema mtoto aende kwa bibi yake Bugarama. Nilikubali. Niliitia chupa ya dawa kwenye begi lake, nikamweleza mama mkwe kwa simu, na siku ya kumpeleka nikamweleza tena ana kwa ana: kidonge kimoja, asubuhi, baada ya uji. Akanijibu, "Ndiyo, maman, nimesikia." Niliamini, kwa sababu mama yule si mtu wa uongo. Ni mjane aliyelea watoto wake wote kwa mpunga, na katika bonde lile anaheshimiwa.

Asiyeujua mpunga anadhani kazi kubwa ni kupanda na kuvuna. Kuna siku za katikati ambazo ni mbaya zaidi. Punje zikianza kujaa maziwa, ule utomvu mweupe kabla hazijakomaa, ndege wanakuja kwa makundi, na kuanzia alfajiri hadi jua linapozama lazima mtu awe pale, akimbie juu ya matuta, apige debe, arushe udongo, apige kelele. Akipumzika tu, wanatua. Watu wazima wanachoka, watoto wengi wanasinzia juani. Binti yangu hachoki wala hasinzii.

Nilikwenda kumwona Jumapili moja bila kutoa taarifa. Nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa juu ya tuta, tope hadi magotini, debe mkononi, anapiga mayowe ambayo pale mjini yangetuletea mwenye nyumba mlangoni. Ndege waliinuka, akawafuata, wakahama shamba, akawahi mbele yao. Mama mmoja wa shamba la jirani akaniambia, "Maman, uko na mutoto wa nguvu! Ndege yote ya huku inamujua." Katika maisha yake yote sikuwahi kusikia mtu akimsifu mtoto wangu kwa kukimbia. Nikafurahi kama mjinga.

Kisha aliniona. Akaja mbio, akanipita, akarudi, akaanza habari moja na kuikata, akaanza nyingine, akasahau zote, akaondoka tena. Nilimjua mara moja. Yule alikuwa mtoto wangu wa kabla ya dawa. Nikaingia ndani, nikafungua begi lake. Chupa ilikuwa imejaa karibu kama nilivyoiacha.

Mama mkwe alikuwa uani anachambua maharage. Nilimuuliza kama mtoto anakunywa dawa. Hakuinua hata macho.

"Tuliacha," alisema. "Ile dawa inamuharibu. Siku ya kwanza nilimupatia, vile ulisema. Nikamutuma kwa ndege. Nakuja kuangalia, amekaa! Ndege inakula, yeye anaangalia. Namuuliza, unafanya nini? Ananiambia, Bibi, ona, haikuli punje, inakamua maziwa, ganda inaliacha palepale. Ile njo akili? Mpunga inaisha, yeye ananielezea namna ndege inakulaka!"

Aliyasema kama ushahidi wa ugonjwa. Mimi nilisikia jambo jingine. Mtoto ambaye hakuwahi kutazama kitu chochote hadi mwisho, si sinema, si chungu jikoni, si uso wangu, alikuwa amechuchumaa akamtazama ndege mmoja hadi akajua anakulaje. Aliona kitu ambacho mimi sikukijua, na nina hakika hata bibi yake hakuwahi kukiangalia, kwa miaka yake yote ya mpunga. Alikimbilia kumwambia mtu anayempenda. Na kwa sababu hiyo walimnyang'anya dawa.

Damu ilinichemka. Nilimwambia mama mkwe maneno ambayo mke wa mwana hayasemi. Nilimuuliza kama mpunga wake una thamani kuliko kichwa cha mwanangu. Nilimuuliza kama angemnyima dawa mtoto wa kifafa ili apate mtu wa kubeba maji. Majirani walisogea kusikiliza, nami nikaongeza sauti wasipate taabu.

Aliweka ungo chini. "Kichwa yake haina shida," alisema polepole. "Shida iko kule kwenu, mu Kamembe. Umuache hapa, nitamutafutia shule. Huku hakuna muntu anamuambiaka akae chini."

Hilo ndilo lililonikata maini, kwa sababu lilikuwa kweli. Kama angenidanganya ningemsamehe mapema.

Nilimpigia mume wangu simu palepale. Hakuuliza dawa gani wala tangu lini, nikajua kwamba alijua. Mama yake alimwambia tangu wiki ya kwanza. "Nilifikiri likizo si masomo," akasema. Alifikiri! Sijui ni lini alipoanza kufikiri mambo ya mtoto bila kuniambia. Nilimkatia simu, nikamchukua binti yangu siku ileile. Alilia njia nzima. Alitaka kuja na debe, nikakataa, na kukataa kule sikujivunii.

Asubuhi nilimsimamia na kidonge na glasi ya maji. Alifunga mdomo. Nikambembeleza, nikamtishia, nikabembeleza tena. Mwisho akaniangalia, jambo ambalo kwake si dogo, akasema:

"Kule bananipenda bila dawa. Wewe unanipenda na dawa tu?"

Nilisimama na glasi yangu kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Nilimpigia daktari nikitumaini angekasirika pamoja nami. Hakukasirika. Akasema wapo watoto wanaopumzishwa dawa wakati wa likizo, kwamba kama tungemuuliza tungeangalia pamoja kama inafaa, na kwamba kosa ni watu kujiamulia wenyewe na kumficha mama. Kisha akauliza mtoto mwenyewe anasemaje. Nikamkasirikia na yeye pia. Nilimpelekea hasira nzima, akanirudishia nusu.

Shule ilifunguliwa naye hanywi. Mwalimu alimkalisha karibu na mlango, ili akitoka asiwakanyage wenzake. Mkuu wa shule akaniita, akaniambia kwa adabu zote kwamba hali ikiendelea hivi nitafute shule nyingine. Ingekuwa ya tatu, na baada ya hiyo nisingejua pa kugonga. Mama mkwe alituma salamu kwamba nafasi Bugarama bado ipo. Mume wangu alizifikisha salamu hizo akiwa mlangoni, mguu mmoja nje.

Siku moja tulikuwa tunashuka ile njia yetu, tukakuta bango jipya la mshonaji. Binti yangu akasimama asome. Akapata neno la kwanza. Macho yakaenda kwa mbuzi, yakarudi, yakaenda kwa pikipiki, yakarudi, na neno la kwanza lilikuwa limepotea. Akaanza upya. Alijaribu mpaka akalipiga lile bango teke, akaketi ukingoni mwa barabara na kulia kwa uchungu wa mtu mzima. Kesho yake, kabla sijasema lolote, aliomba kidonge na maji.

Ndipo nilipompa jibu lake, nikiwa nimechelewa. Nilimwambia nampenda anapokimbia na nampenda anapokaa, na kwamba dawa si yangu wala si ya bibi, ni yake. Siku za shule atakunywa. Siku za ndege, daktari amekubali, achague mwenyewe. Akauliza kama bibi anajua. Nikasema nitamwambia mimi, na nilimwambia, na haikuwa simu nzuri.

Likizo ya Krismasi mpunga mwingine ulikuwa umejaa maziwa. Safari hii nilikwenda naye na nikalala hukohuko. Asubuhi, baada ya uji, alikwenda mwenyewe kwenye begi akameza kidonge, mbele ya bibi yake. Bibi alinitazama mimi, kana kwamba mkono ulikuwa wangu. Akampa debe. Mtoto akalipokea kwa heshima, akafika kwenye tuta, akaliweka chini, akachuchumaa.

"Unaona?" mama mkwe akaniambia. "Unaona sasa? Ataikula nani, hii mpunga?"

Ndege walikuwa wanatua. Na mama mkwe alikuwa na haki, ule ni mpunga wake, ndio uliomlea mume wangu. Hapo hasira zangu zote zilinipanda kwa pamoja: za mama huyu, za mume wangu, za walimu, za wale walioniita mama wa makelele. Nikaliokota lile debe. Nikavua viatu, nikaingia kwenye tope na kitenge changu kizuri, nikapiga debe na kupiga mayowe kutoka tumboni. Nilikimbia tuta hadi tuta. Sikuwa na maneno, yalikuwa makelele tu, ya Bukavu kabisa. Majirani walicheka mpaka wakashikana. Kundi zima la ndege likainuka likaenda zake, nami nikageuka kuwatafuta waliobaki.

Binti yangu alikuwa amenyoosha mkono kunizuia. Mbele yake, kwenye shuke moja, ndege mmoja alikuwa bado anakula. Mtoto hakunitazama, macho yake yalikuwa kwa yule ndege.

"Maman," alisema kwa sauti ya chini, kwa ukali, "kaa chini."

Nikakaa.